Gari Lililomtii Mdogo Wangu

Baba alikufa asubuhi ya Jumatatu, na gari lake likaanza kuniasi kabla hatujamaliza matanga.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya usukani nikitaka kwenda kununua maji ya wageni. Nikageuza ufunguo. Taa za tablo, ile dashibodi ya mbele, ziliwaka, nyekundu na kijani, kama kawaida, lakini injini haikutoa hata kikohozi. Nikageuza tena, na tena. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi uani waliinua vichwa kunitazama, wakaviinamisha tena kwa heshima ya msiba. Mdogo wangu, mtoto wa kiume wa pekee wa Baba, alitoka kwenye turubai la wanaume, akaniomba nimpishe. Alikuwa na miguu mirefu, kwa hiyo kwanza alirudisha kiti nyuma. Akageuza ufunguo. Gari likawaka.

Shangazi yetu, dada wa Baba, alipiga makofi mara moja. "Munaona? Motokari iko natambua muntu wake. Mwenyewe amekufa, sasa iko natafuta mwanaume."

Watu walicheka, kile kicheko kidogo ambacho watu hujipa wakati wa matanga ili wapumzike kulia. Nami nilicheka.

Lazima nieleze gari lile lilikuwa nini kwetu. Ni gari dogo la Kifaransa, la zamani kuliko mimi, la rangi ya maziwa yaliyokaa siku mbili. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Djugu, na alilinunua kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Siku tulipokimbia kijiji, tulipanda humo watu kumi na watatu, pamoja na cherehani ya Mama na mbuzi mmoja aliyefia njiani. Tulifika mjini Bunia, tukapata kiwanja mtaa wa Shari, na gari likaegeshwa mbele ya nyumba yetu mpya kabla nyumba haijapata mlango. Tulikuwa hatuna kitu, lakini tulikuwa na gari.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa Baba. Sikumbuki nilianza lini. Nakumbuka tu nimelala chali kwenye gunia kando yake, chini ya gari, nikimpa bisibisi kabla hajaiomba. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini chini ya gari aliongea. Alinifundisha kusikiliza injini kabla ya kuigusa. Kila alipounga waya, alizungushia utepe mweusi, kisha juu ya utepe alifunga uzi wa cherehani ya Mama kwa fundo dogo, kama mshonaji anayemalizia kifungo. Alisema utepe huchoka kwa joto, uzi hauchoki. Mdogo wangu alikuwa akipita na mpira wake, anatuona miguu tu.

Kazi inayonilisha leo ilitoka huko. Nafunga paneli za jua: kwenye maduka, makanisani, na hasa kule Tchomia ziwani, ambako wanawake wanaouza samaki wanataka taa na friji ndogo. Gari ndilo linalobeba paneli, betri na ngazi yangu juu ya paa. Bila gari, mimi ni mwanamke mwenye bisibisi.

Katika miezi yake ya mwisho Baba alilala chumba cha mbele, na mimi ndiye niliyemwogesha; mwezi wa mwisho sikwenda kazini kabisa, gari likasimama tu uani. Siku moja, nikimkausha mgongo, alisema, "Ile motokari uichunge."

Nikamuuliza, "Papa, kuko kitu ya motokari yenye sijuwe bado?"

Alifikiri kidogo. Akasema, "Yote unaijua."

Nililibeba neno lile kama cheti.

Baada ya matanga, gari lilianza tabia ya ajabu. Wiki nzima linawaka vizuri, naenda Tchomia narudi, kisha asubuhi moja halikubali. Nilikagua betri: nzima. Nilisafisha vichwa vya betri hadi vikang'aa. Nilikaza kila boliti iliyofika mkononi. Bado. Nikimpigia simu mdogo wangu, anakuja na pikipiki yake kutoka upande wa pili wa mji, anaketi, anarudisha kiti nyuma, anageuza ufunguo, linawaka. Kisha siku kadhaa halina shida yoyote. Nilipolipeleka garaji, fundi alifungua demarere, yaani ile mota inayosukuma injini iamke, akaisafisha, akabadilisha brashi zake, akanirudishia. Likawaka siku nane. Siku ya tisa likakataa.

Anayefanya kazi ya umeme anajua kwamba hakuna ugonjwa mbaya kama ule unaokuja na kuondoka. Kitu kilichokufa kabisa unakipata. Kinachokufa na kufufuka kinakufanya uanze kujishuku mwenyewe. Nami nilijishuku. Mjini jambo likawa mchezo. Vijana wa barabara yetu, waliozoea kuja kunisukumia, walikuwa wananiuliza, "Dada, leo mume wa motokari yuko wapi?" Shangazi hakuwa anacheza. Alianza kusema kanisani na sokoni kwamba roho ya kaka yake haipendi gari likae kwa mwanamke, na kwamba siku ya kumaliza kilio, ukoo utakapokutana kugawa vitu, gari liende kwa yule linayemtii.

Kisha dada yake Mama akafa, Bogoro.

Walikuwa wawili tu waliobaki katika tumbo lao. Habari ilifika jioni. Maziko yalipangwa kesho yake saa saba mchana, kwa sababu maiti haikuweza kungoja. Bogoro si mbali. Mama ana mguu mbovu tangu tulipokimbia, hawezi kukaa kwenye pikipiki. Asubuhi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa tatu Mama alikuwa tayari amefunga kitambaa cheusi kichwani, ameketi kiti cha mbele, mkoba mapajani. Nikageuza ufunguo. Kimya.

Uwanja wetu unateremka kutoka barabarani kuja kwenye nyumba. Ili kuliwasha gari kwa kulisukuma, sharti lipandishwe kinyumenyume hadi getini, na siku ya ukavu hiyo ni kazi ya watu sita. Siku ile walikuja wanne. Matope yalikuwa ya kuteleza kama sabuni. Tulilisukuma nusu ya njia, likaserereka, likarudi na kugonga tairi kwenye mfereji wa ukuta, likakwama hapo. Nililala chini yake na nguo yangu ya msiba, nikijaribu kuifikia demarere kwa bisibisi ndefu, maana ukiunganisha kwa chuma misumari yake miwili, ile inayofungiwa nyaya, inaweza kuzunguka bila ufunguo. Lakini maji ya mfereji yalikuwa yamenifika sikioni, na mkono haukupita.

Nilimpigia mdogo wangu simu. Akasema, "Niko nakuja, Yaya." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nilimpigia tena saa nne na nusu. "Niko njiani. Mvua." Saa tano na nusu hakupokea.

Mama alinigongea kioo. "Ondosha mikono humo, mwanangu. Utagonjwa. Mudogo wako atafika."

Alifika saa saba na dakika kumi. Aliingia upande wa usukani akiwa analowanisha kila kitu, akarudisha kiti nyuma, akageuza ufunguo, na injini ikaamka mara moja, laini, kama iliyolala usingizi mzuri. Mama alitazama mkoba wake. Vijana walisukuma, likatoka mfereji. Tulipofika Bogoro udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa na watu walikuwa wananawa mikono. Mama alishuka, akaenda akasimama mbele ya kile kilima kidogo, akakitazama kama mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa.

Njiani kurudi nilimshukuru mdogo wangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimwambia, "Bila weye tusingefika hata kidogo." Akasema, "Ni kitu kidogo, Yaya."

Niliapa kwamba likikataa tena, sitampigia mtu. Nitalitafuta jambo hilo waya kwa waya.

Halikunichelewesha. Mdogo wangu alikuwa na desturi ya kuja Jumamosi jioni kumsalimu Mama, na kila mara aliketi kidogo ndani ya gari, anawasha, anasikiliza injini. Alisema ndiyo namna yake ya kuzungumza na Baba. Sote tuliona ni jambo zuri. Jumapili iliyofuata, tuliporudi kanisani, niligeuza ufunguo na gari likawa kimya. Kwa mara ya kwanza nilifurahi. Ugonjwa ulikuwa umekuja na mimi nilikuwa na siku nzima.

Nilimwita jirani yangu, mama mmoja wa Butembo anayeuza mchele na maharage, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Nilimweka kwenye usukani. Kazi yake ilikuwa moja: kugeuza ufunguo nikisema.

Katika gari la namna ile, kuwasha ni jambo rahisi kueleza. Nyaya mbili zinafika kwenye demarere. Moja ni nene kama kidole, inatoka kwenye betri, inabeba nguvu. Nyingine ni nyembamba, inatoka kwenye ufunguo, nayo haibebi nguvu, inabeba amri tu. Amri isipofika, nguvu inangoja bure.

Nilianza na taa. "Washa taa za mbele. Sasa geuza!"

"Nimegeuza!"

Taa hazikufifia hata kidogo. Demarere ingekuwa inajaribu kuzunguka ikashindwa, ingekunywa umeme na taa zingepungua. Haikuwa inajaribu. Uwanja ulikuwa mkavu siku ile, nikalala chini na kuunganisha misumari miwili kwa bisibisi. Cheche ikaruka, na demarere ikazunguka kwa nguvu hadi jirani akapiga kelele, "Yesu! Sikugusa kitu!" Basi demarere ilikuwa nzima. Pesa za garaji zilikuwa zimekwenda bure. Nikaweka ncha za kipimo changu cha umeme kwenye waya mwembamba, pale unapoingia kwenye demarere.

"Geuza!"

"Nimegeuza, dada, nimegeuza na kidole kinauma!"

Kipimo kilibaki sifuri. Nikaenda juu, chini ya usukani, nyuma ya tundu la ufunguo. "Geuza." Volti kumi na mbili na nusu. Amri ilikuwa inatoka kwenye ufunguo, haifiki kwenye demarere. Ilikuwa inapotea katikati, kwenye waya usiozidi mita mbili.

Nilifungua tablo. Nilifuata waya kwa vidole, nikiuvua gamba lake polepole. Ulipaswa kupita moja kwa moja kwenye ukuta wa chuma kwenda kwenye injini. Lakini kabla ya kufika ukutani, ulikatwa. Haukukatika, ulikatwa, kwa ustadi, na kila upande uliunganishwa na waya mwingine wa buluu. Nyaya mbili za buluu ziliteremka pamoja, zikaingia chini ya zulia la sakafu. Na pale zilipounganishwa palikuwa na utepe mweusi, na juu ya utepe, uzi mweusi wa cherehani, uliofungwa kwa fundo dogo.

Nilikaa sakafuni mwa gari nimelishika fundo lile. Sitaficha kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Ilikuwa kama kukuta mwandiko wake kwenye karatasi ambayo sijawahi kuisoma.

Niliinua zulia. Nyaya zilikwenda chini ya kiti cha dereva. Nikaingiza mkono chini ya kiti, pale unapoweka mkono ukitaka kuvuta chuma cha kusogezea kiti. Nyuma ya chuma kile, kwenye fremu, vidole vyangu vilikuta swichi. Swichi ndogo ya kawaida, kama ya taa ya mezani.

Nikaibonyeza. "Geuza," nikasema.

Gari likawaka. Jirani alipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia.

Nilichukua tochi na kuitazama. Chini ya kiti kulikuwa na vumbi la miaka: maganda ya karanga, sarafu za zamani, kifungo, nywele. Kila kitu kilifunikwa na vumbi jekundu la Ituri, mkoa wetu. Swichi peke yake ilikuwa safi, inang'aa kwa kuguswa.

Nikainua macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akinitazama nikiwa nimepiga magoti na kichwa chini ya kiti. Tulitazamana. Kisha aligeuka, akaingia ndani, akarudishia mlango.

Jirani alikuwa bado anacheka na kuniuliza, "Ni nini? Ni nini hiyo?" Nikamwambia ni waya uliolegea. Nikamshukuru. Alipokwenda, nilifungua mlango wa jiko.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Aliendelea kukoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Papa yako aliiwekaka wakati wa vita. Batu ba bunduki walikuwa nakamata motokari. Wakishindwa kuiwasha, wanaiacha. Ile njo ilituponesha."

"Sikuulize juu ya vita. Nakuuliza juu ya siku ya Bogoro. Ulikuwa umeikalia pembeni. Masaa ine, Mama. Ulikuwa unajua swichi iko kwa nani?"

Mwiko ukasimama. "Nilijua iko. Mwenye kujua fasi iko, iko chini ya nini, ni mudogo wako. Nilifikiri atafika mbiyo. Na saa ilikuwa napita, na mimi nikaona haya kusema. Ningesema, mungepigana mbele ya maiti."

"Dada yako alizikwa bila weye."

"Najua mwenye alizikwa," alisema Mama, na akafunika chungu.

Sikulia siku ile. Nilirudi kwenye gari na kufanya kazi. Nilikata nyaya za buluu kule juu, nikaunga waya wa ufunguo moja kwa moja kama kiwanda kilivyokusudia, nikalehemu kwa risasi, nikazungushia utepe. Sikufunga uzi. Swichi niliiacha palepale chini ya kiti, na nyaya zake zikining'inia gizani bila kazi. Kisha nikangoja.

Kumaliza kilio cha Baba kulikuwa juma lililofuata. Jumamosi jioni mdogo wangu alikuja kama kawaida. Nilisimama nyuma ya pazia la chumba cha mbele, chumba alichofia Baba. Nilimwona akiketi ndani ya gari, akiwasha, akisikiliza, akizima. Kisha bega lake la kulia likainama, mkono ukaenda chini ya kiti, ukakaa muda wa kupepesa jicho, ukarudi. Alitoka, akafuta viatu, akaingia kumsalimu Mama. Alinikumbatia. "Yaya, umekonda," aliniambia. "Unatumika sana."

Nilikuwa na tumaini dogo hadi dakika ile, nikiri. Nilikuwa nimejiambia labda anaigusa bila kukusudia, labda ni mazoea. Nilipoona bega lile likiinama, tumaini liliondoka, na mahali pake pakabaki baridi.

Kesho yake, baada ya misa na chakula, ukoo uliketi uani. Baba mdogo, mdogo wake Baba aliyebaki kuwa mkubwa wa familia, aliongoza. Ni mkulima, mtu wa kusema kidogo. Anaishi sasa kwenye kambi ya waliohama kando ya mji, kwa sababu shamba lake Djugu halirudiki. Waligawa koti, baiskeli, Biblia. Walipofika kwenye gari, Shangazi alisimama.

"Hii haina mashauri. Motokari yenyewe imechagua. Mutoto mwanamuke, ile siku ya Bogoro, aliaibisha Mama yake mbele ya batu. Hakuna mwenye hakuona."

Baba mdogo aliniuliza kama nina neno. Nikasema sina neno, ninaomba tu tulijaribu gari wote tukiona. Kwanza mdogo wangu, kisha mimi.

Mdogo wangu alinitazama. Nafikiri alikuwa na uhakika. Jana yake alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe. Akasema kwa upole, "Yaya aanze. Ni mukubwa."

Nikaketi. Nikageuza ufunguo, na gari likawaka. Nikazima, nikawasha, nikazima, nikawasha, mara tano, hadi Shangazi akakaa chini. Niliposhuka, mdogo wangu alikuwa amekwisha kufika, ameingiza mkono chini ya kiti, mbele ya watu wote, akipapasa. Hakujizuia. Aligeuza swichi hivi na hivi, tak, tak, kama mtu anayetafuta simu mfukoni na haipo.

"Unatafuta nini?" Baba mdogo alimuuliza.

Nilieleza mimi. Nilieleza taratibu, waya baada ya waya, na nilipofika siku ya Bogoro niliketi.

"Papa alinionesha," mdogo wangu alisema hatimaye. "Mwezi mbele ya kufa. Aliniita, nikamushikilia mpaka mu motokari, akaniambia, hii ni ya weye. Usimwambie dada yako. Mwanamuke ataolewa, atapeleka siri kwa batu bengine."

Nina miaka arobaini na miwili. Wakati Baba aliposema maneno hayo nilikuwa na arobaini, na maji ya kumwogeshea yalikuwa yanachemka jikoni.

Baba mdogo akasema, "Papa yako alikuambia umufiche. Alikuambia umuzuiye?"

"Hapana."

"Alikuambia Mama yako akose kuzika ndugu yake?"

"Hapana, Baba."

"Basi usimuweke marehemu kwa fasi yenye alikuwa hayupo." Akageukia watu. "Motokari inabaki kwa mwenye kuitengeneza."

Watu waliitikia, wengine kwa nguvu, wengine kwa kuangalia miguu yao. Nilikuwa nimeshinda. Sikupata ladha yoyote. Neno moja tu lilikuwa linazunguka kichwani: yote unaijua. Aliniambia hivyo mgongo wake ukiwa mikononi mwangu, na alikuwa amekwisha kumwita mdogo wangu.

Jioni, watu walipoondoka, nilimkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba, akiwa amekaa juu ya tofali.

"Nikuulize kitu moja," nikamwambia. "Siku ile ulikuwa na simu mu mukono. Ungesema tu, Yaya, weka mukono chini ya kiti. Maneno sita. Juu ya nini hukusema?"

"Nilikuwa naogopa ukijua, sitabaki na kitu." Akapangusa uso. "Weye ulikuwa chini ya motokari na Papa kila siku. Mimi nilikuwa naona miguu yenu tu. Miaka yote ile. Ile swichi njo kitu moja yenye alinipatia mimi peke yangu. Mara ya kwanza, ile siku ya matanga, alikuwa ameiacha imezimwa mwenyewe, sikufanya kitu. Nikaiwasha tu. Batu wakanipigia makofi. Nikapenda."

Nilimwelewa. Hilo nalo lilinikasirisha, kwamba nilimwelewa. Niliingia ndani.

Sikuweza kufungua kapo, yaani kifuniko cha injini ya gari lile, kwa miezi miwili isipokuwa kuongeza maji. Kila fundo la uzi nililokutana nalo niliona kama mtu anayeficha kitu ngumini. Nilikuwa nikijiuliza ni mangapi mengine, katika mambo aliyonifundisha, yalikuwa na waya wa buluu chini yake. Mwishowe nilikubali kwamba sitajua. Aliyeweza kunijibu amekwenda. Nilichoweza kufanya ni kufungua nyaya zote, tablo hadi taa za nyuma, na kuzipima moja moja. Nilifanya hivyo kwa Jumapili tatu. Sikukuta siri nyingine. Kazi yake ilikuwa nzuri, niseme kweli.

Katika kiangazi nilimpeleka Mama Bogoro. Alikuwa ameniomba mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hakurudia. Askari wa bariera, kile kizuizi cha njiani, walitupungia tupite. Alikaa kaburini karibu saa nzima, akazungumza na dada yake kwa lugha yao, nami nilikaa mbali nisisikie. Aliporudi alikuwa na udongo kwenye magoti. Alifunga mlango wa gari, akasema, akitazama mbele, "Nilikukosea."

Nilitaka kusema si kitu. Mdomo haukukubali, kwa sababu kilikuwa kitu. Nikasema, "Nasikia, Mama," nikawasha gari.

Mdogo wangu haji tena Jumamosi. Huja siku za kazi, mchana, ninapokuwa Tchomia. Mama huniambia jioni kwamba aliacha ndizi au sukari. Mwezi uliopita alinipigia simu mwenyewe: binti yake wa kwanza anabatizwa, wageni ni wengi, anaomba gari.

"Nitakuja," nikamwambia. "Lakini naendesha mimi."

"Njo vile nilikuwa nataka, Yaya," akasema.

Siku ya ubatizo alikuwa mtu wa mwisho kuingia. Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Aliukamata mlango, akasita, kisha akauacha na kwenda kujibana nyuma kati ya mashemeji zake, mtoto mapajani mwake, magoti yake marefu yakinigusa mgongo kupitia kiti. Tulikwenda kanisani hivyo, watu saba, tukizungumza juu ya mahindi ambayo mwaka huu yamechelewa.